Baiskeli za milimani: Njia ni biashara, lakini shamba ni la nani?

KANDO ya barabara inayopita kusini mwa Ziwa Naivasha, nchini Kenya, kwenye njia panda ya kwenda lango la Elsa la Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, baiskeli hupangwa mstari zikisubiri wateja. Wanaozikodisha si makampuni makubwa ya utalii. Ni wafanyabiashara wadogo ambao mtaji wao ni baiskeli chache, pampu, viraka vya pancha na fundi anayejua kukaza breki.

Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, ni moja ya hifadhi chache Afrika Mashariki ambamo mgeni anaruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli bila kuwa ndani ya gari. Mtu hupita kando ya twiga na pundamilia, chini ya majabali, akinyonga pedali mwenyewe. Ruhusa hiyo moja ndiyo iliyozaa biashara ya pale njia panda.

Swali la kwanza la mteja karibu siku zote ni moja: njia ni ngumu? Na jibu la mwenye baiskeli, ambaye hataki kumpoteza mteja, linajulikana kabla hajafungua mdomo. Rahisi tu, twende.

Kwa barabara kuu ya hifadhi, inayotoka lango la Elsa kuelekea korongo la Ol Njorowa, jibu hilo si uongo. Ni pana, haina miinuko mikali, na hata mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu utotoni ataimudu, mradi akumbuke kwamba atarudi na njia hiyo hiyo jua likiwa la saa saba. Lakini humo humo kuna mzunguko mwingine uitwao Buffalo Circuit, wa kilomita 14 hivi, wenye vilima na vumbi la kuzamisha tairi. Anayeambiwa kuwa huo nao ni "rahisi tu" atarudi akiikokota baiskeli kwa mkono, na hatarudi tena mwaka unaofuata.

Kwingineko duniani, tatizo hilo la jibu moja kwa kila mteja limetatuliwa kwa rangi.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Ulianza katika miaka ya 1970 kwenye mlima Tamalpais, jimbo la California, Marekani, vijana walipochukua baiskeli nzito za zamani na kuteremka nazo barabara za vumbi. Mwaka 1996 ulikuwa tayari umeingia kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Njia zilipoongezeka, na watu wakaanza kuumia kwenye njia zisizowafaa, ilibidi ziwekwe madaraja. Wamarekani waliazima alama za wanaoteleza kwenye theluji: duara la kijani kwa njia rahisi, mraba wa buluu kwa njia ya wastani, almasi nyeusi kwa njia ngumu, na almasi mbili kwa waliobobea. Uingereza nayo huweka nyekundu kati ya buluu na nyeusi.

Rangi hizo hazipakwi kwa kukisia. Kwa mwongozo wa chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, njia ya kijani inatakiwa iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, mwinuko wake wa wastani usizidi mita 5 kwa kila mita 100, na jiwe au mzizi usiokwepeka usizidi kimo cha sentimita 5. Ya buluu hupungua hadi upana wa sentimita 60, mwinuko wa mita 10 kwa mita 100, na vizuizi vya hadi sentimita 20. Nyeusi ni sentimita 30 tu za kupitisha tairi, mwinuko wa mita 15, na vizuizi vya karibu sentimita 40. Kwenye almasi mbili upana unaweza kuwa sentimita 15, yaani kiganja na kidogo, na mwinuko ukapita mita 20 kwa mita 100.

Jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulisahau ni kwamba wastani una hila. Njia ya kilomita 9 iliyo tambarare, halafu ikawa na mita 30 za ngazi za mawe zisizo na mchepuko, si njia rahisi. Kwa anayeanza, ni zile mita 30 zitakazomvunja mkono. Kwa hiyo anayepanga daraja huangalia kwanza pale pagumu pasipokwepeka. Njia ikiwa na mchepuko, hilo ni jambo jingine: mgeni apite pembeni, fundi apite juu ya mawe, wote wakutane mbele.

Kwa mfanyabiashara, daraja la njia huamua pia bidhaa ya kuweka. Wa njia ya kijani anataka baiskeli ya gia yenye breki zinazoshika, fremu inayolingana na kimo chake, kofia ngumu na tyubu ya akiba. Wa nyeusi anataka shokapu mbele na nyuma, breki za diski, matairi mapana, na mara nyingi anakuja na baiskeli yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba mkodishaji wa kawaida anaishi kwa wateja wa kijani na buluu. Hao ndio wanaokuja na mke na watoto, wanaokaa kunywa soda na kula mahindi ya kuchoma, na wanaonunua matunda ya kubeba nyumbani. Mtaalamu wa almasi mbili huleta sifa na picha, lakini wapo wachache, na hawakai.

Mji mdogo wa Derby, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Tasmania, Australia, ni mfano unaotajwa sana. Uliishi kwa bati. Mwaka 1929 bwawa la mgodi wa Briseis lilipasuka baada ya mvua kubwa na kuua watu 14, na mwaka 1948 mgodi ukafungwa. Kwa miongo mingi mji ukabaki na nyumba zisizo na wanunuzi. Mwaka 2015 zikafunguliwa njia za baiskeli za madaraja mbalimbali, zilizojengwa kwa fedha za umma, na miaka miwili baadaye Derby ikapokea mashindano makubwa ya dunia. Kupita kwenye njia ni bure. Fedha inaachwa kwenye vitanda vya wageni, mikahawa, maduka ya vipuri na magari yanayobeba watu na baiskeli zao hadi juu ya mlima ili wateremke.

Maji kwanza, baiskeli baadaye

Mkulima akisikia kwamba mtu anataka kuchimba njia ya kushuka kwenye kilima chake, hofu yake ya kwanza ni korongo, na ana haki ya kuogopa. Njia iliyonyooka kutoka kileleni hadi bondeni hugeuka mfereji msimu wa masika. Tairi hulegeza udongo, maji huuchukua, na baada ya misimu michache njia imekuwa handaki na udongo uko kwenye mashamba ya chini, au mtoni.

Wajenzi wa njia hizi wana kanuni ambazo mkulima wa Machakos au wa Lushoto hatazishangaa, maana ni ndugu wa fanya juu na makinga maji. Njia hukata kilima kwa ubavu badala ya kukishuka wima. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima penyewe: kama kilima kinapanda mita 20 kwa kila mita 100, njia isizidi mita 10. Ikizidi hapo, maji huacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Uso wa njia huinamishwa kidogo upande wa bondeni, na kila baada ya hatua kadhaa njia huinuliwa kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yatoke yakiwa bado machache na hayana nguvu.

Hiyo ni kazi ya jembe na sururu, na haiishi. Baada ya kila masika lazima mtu apite kuzibua na kuziba. Nani atamlipa mtu huyo ndilo swali ambalo mipango mingi ya utalii wa vijijini huliacha kiporo.

Walipofunga geti

Fundisho kubwa zaidi kwa wenye mashamba linatoka Vermont, jimbo dogo la kilimo na maziwa kaskazini mashariki mwa Marekani. Katika kijiji cha East Burke, mwaka 1994, kilianzishwa chama kisicho cha kugawana faida kiitwacho Kingdom Trails. Chama hicho hakikununua ardhi. Kiliwaendea wenye mashamba na misitu, mmoja mmoja, na kuomba ruhusa ya kupitisha njia. Walikubali, wengine kwa maneno na kushikana mikono kama majirani, hadi mtandao ukapita kilomita 160, kuvuka ardhi ya wamiliki wapatao 100. Kuna za kijani zinazokata malisho, na kuna nyeusi zinazopenya kwenye mawe na mizizi ya msituni.

Mwendesha baiskeli hununua tiketi kwa chama, na chama hutumia fedha hiyo kutunza njia. Mwenye shamba yeye hapokei kodi ya kupitiwa. Sababu mojawapo ni sheria: Vermont humkinga mwenye ardhi asishitakiwe kirahisi na mtu aliyeumia kwenye ardhi yake, mradi hakumlipisha. Akianza kutoza, kinga hiyo inatetereka. Hivyo mapato yakaenda kwa wenye nyumba za wageni, wauza baiskeli na wauza chakula, na mwenye shamba akabaki na sifa ya ukarimu, na vumbi.

Wageni waliongezeka mwaka hadi mwaka, wakiwemo wengi kutoka jirani Kanada. Pakawa na msongamano, magari kwenye barabara nyembamba za kijiji, na waendeshaji ambao adabu waliiacha kwao. Desemba 2019 wamiliki watatu wa ardhi kwenye mgongo wa kilima cha Darling wakatangaza kwamba baiskeli hazitapita tena kwao. Watatu tu kati ya 100, lakini vipande vyao vilikuwa katikati ya mtandao, na miongoni mwa njia zilizopotea ni Sidewinder, iliyokuwa kipenzi cha wengi.

Hawakuvunja mkataba wowote. Ardhi ni yao, ruhusa walitoa wenyewe, na wenyewe wakaiondoa. Wafanyabiashara waliokuwa wamekopa benki kuongeza vyumba au kununua baiskeli za kukodisha ndio waliogundua kwamba rasilimali yao kubwa haikuwa yao. Chama kikaanza kampeni ya kuwahimiza wageni waendeshe kwa shukrani, na kikaweka watu njiani wa kuwakumbusha wako kwenye ardhi ya nani. Si vigumu kuona kwamba kazi hiyo ingekuwa rahisi zaidi kabla ya geti kufungwa.

Huku kwetu

Afrika Mashariki njia zipo, nyingi zikiwa hazikuchimbwa kwa ajili ya mchezo. Katika milima ya Usambara wageni huendesha baiskeli kwenye njia za miguu zinazounganisha vijiji vya Lushoto, katikati ya kabichi na viazi. Kilimanjaro, baiskeli zimeruhusiwa kupitia Kilema, njia ambayo kwa kawaida ni ya magari ya huduma na uokoaji. Nairobi, msitu wa Karura una njia ambazo familia huzimudu.

Hifadhini na msituni mwenye eneo anajulikana, na ada hulipwa getini. Nchini Kenya sheria ya misitu ya mwaka 2005, na iliyoifuata ya 2016, imezipa nafasi jumuiya za wanaoishi kando ya misitu kushiriki katika usimamizi, na humo mna mlango wa wakodishaji baiskeli na waongozaji kuingia kwa maandishi. Utata uko vijijini. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji. Lakini njia ya miguu hupita mbele ya mlango wa mtu, kwenye ukingo wa tuta lake, na anayepita si tena jirani mwenye kikapu bali watu 15 wenye kofia ngumu wakishuka kwa kasi, na mtoto anatoka kisimani.

Usambara ina kumbukumbu yake pia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa huko kuchimba matuta, na walikataa. Matuta yenyewe hayakuwa adui wa udongo. Wao waliona jasho lao likienda kwenye mpango wa mtu mwingine. Anayekwenda leo na ramani ya njia za kijani na buluu atahojiwa na wajukuu wa watu hao.

Watakachotaka kujua si kigumu kukiandika kwenye karatasi mbili kabla ya jembe la kwanza kuchimbwa: njia itapita wapi na itakuwa ya daraja gani, itafungwa siku zipi, mathalani wakati wa mvua kubwa na wa mavuno, nani atalipa tuta likibomoka au kuku akigongwa, katika kila baiskeli inayokodishwa, kiasi gani kinakwenda kwa anayezibua mifereji na kiasi gani kwa ambao mashamba yao yamepitiwa, na mwenye shamba akichoka, atoe taarifa ya miezi mingapi ili mkodishaji asiamke asubuhi na kukuta miiba imewekwa njiani.

Pale njia panda ya Naivasha kuna la kuanza nalo hata bila karatasi hizo. Ni ubao na rangi kopo mbili, kijani kwa barabara ya korongo na nyingine kwa Buffalo Circuit, ili mteja achague mwenyewe kabla hajalipa.