Fimbo ya Dhahabu na Chuma Chenye Hali Mbili

Katika mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na katika ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, mwamba husagwa hadi kuwa unga, kisha hutiwa katika matangi yenye maji ya sayanaidi na hewa. Wachimbaji wadogo nao huloweka marudio, yaani mchanga uliokwisha kukamuliwa kwa zebaki. Kila atomu ya dhahabu hushikwa na sayanaidi mbili, moja kila upande, ikawa ayoni iliyonyooka kama fimbo. Ayoni hiyo hunaswa na chembe za makaa maalumu, ambazo wachimbaji huziita kaboni tu. Baadaye dhahabu hutolewa na kuyeyushwa kuwa mikuo.

Wako wanakemia, hata hivyo, wanaoitaka fimbo hiyo ikiwa nzima.

Ayoni ya chuma yenye chaji +2 ina elektroni 6 katika obiti zake 5 za d. Ikizungukwa na majirani sita, obiti 3 hushuka na 2 hupanda. Majirani wakiwa na nguvu, pengo huwa pana, na elektroni zote hujipanga mbili mbili chini. Kampaundi haivutwi na sumaku. Majirani wakiwa dhaifu, elektroni hutawanyika, 4 zikabaki pekee, na sumaku huivuta. Pengo likiwa la wastani, joto ndilo huamua. Kampaundi ikipashwa moto, elektroni hutengana, chuma husukuma majirani wake mbali kwa takriban sehemu moja ya kumi ya umbali wa awali, na mara nyingi rangi nyekundu au zambarau hufifia ikawa njano au nyeupe. Badiliko la spini la namna hii lilitambuliwa kwanza na Lamberto Cambi na mwenzake huko Milano, Italia, mwaka 1931, katika chuma chenye chaji +3.

Sayanaidi ina ncha mbili zisizolingana. Ncha ya kaboni hushika chuma kwa nguvu mno; ndivyo inavyokamata chuma cha kimeng'enya cha upumuaji na kuua. Ncha ya naitrojeni ni dhaifu zaidi. Katika fimbo ya mgodini, kaboni zote mbili zimeshika dhahabu, na naitrojeni zimebaki wazi nje. Tangu miaka ya 2000, José Antonio Real na wenzake wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, wameunganisha fimbo hizo na ayoni za chuma, wakapata nyavu zinazobadili spini kwa joto. Kampaundi ya jamii hiyo yenye platini badala ya dhahabu hubadili spini hata inapofyonza mvuke wa benzini, jambo linaloifaa kuwa pua ya kunusia gesi.

Mshiko wa kaboni hutumika pia kupunguza sumu: salfeti ya chuma ikitiwa katika maji machafu, sayanaidi sita huzingira kila ayoni ya chuma, zikafungika humo kwa hali isiyo na usumaku. Lakini bwawa likiachwa wazi, mwanga wa jua huuvunja mshiko huo taratibu, na sayanaidi hurudi majini.