Barua yako iko kwenye kompyuta gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii tuzungumzie barua pepe, daftari la siku hizi, na jinsi inavyoweza kumpotea mwenyewe bila ya kuibiwa.

Chukua mfano wa mtu mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu pale Saza, mkoani Songwe. Ameagiza vipuri Afrika Kusini, navyo vinakuja kwa lori kupitia Zambia hadi mpakani Tunduma. Ankara imetumwa kwa barua pepe. Asubuhi karani wake aliyeko Tunduma anafungua kompyuta ya ofisi, barua zinaingia, kisha anaifunga na kutoka. Mchana mwenye mali, akiwa Saza, anafungua kompyuta yake na kukuta sanduku tupu. Wakala wa forodha anadai ankara, lori limesimama, na lori kusimama ni gharama. Muuzaji anaambiwa hakutuma, karani anaambiwa ameficha. Kumbe wote hawana kosa.

Kosa liko katika utaratibu wa kuchukua barua, nao uko wa aina mbili. Wa kwanza unaitwa POP, ulioanza mwaka 1984. Huu ni kama sanduku la posta: mwenye ufunguo akitangulia, anabeba barua zote, na anayefuata anakuta vumbi. Ulifaa enzi ambazo mtu alikuwa na kompyuta moja na simu ya kuungia mtandao ilikuwa ghali.

Utaratibu wa pili ni IMAP, uliobuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hapa barua asilia haiondoki posta, yaani kwenye seva. Kompyuta ya Tunduma, ya Saza na simu ya mfukoni ni madirisha tu ya kuchungulia sanduku lile lile. Karani akisoma barua, bwana wake ataona kuwa imesomwa; akijibu, jibu litaonekana kwenye zilizotumwa. Na umeme au mtandao ukikatika, programu nyingi huhifadhi kazi uliyofanya na kuipeleka mtandao ukirudi.

Basi, unapoingiza anwani yako kwenye kompyuta mpya, programu ikikuuliza, chagua IMAP kwenye kila chombo. Ukilazimika kubaki na POP, weka alama penye maneno ya kuacha nakala kwenye seva. Hata hivyo, ujue kuwa majibu uliyoandika yatabaki kwenye kompyuta uliyoyaandikia.

Kwa anayehama kutoka POP, hapana budi kwenda taratibu. Usifute anwani ya zamani kwanza, kwani barua za miaka zinaweza kuwa kwenye mashine hiyo pekee. Toa nakala, ongeza anwani kwa IMAP, hamishia barua za zamani kwenye mafaili ya seva, kisha hakikisha zinaonekana kwenye kompyuta ya pili. Angalia pia kama seva ina nafasi ya kutosha.

Mwisho, ndugu msikilizaji, usije ukadhani kulinganisha ndiko kuhifadhi. Madirisha yakiwa ya chumba kimoja, moto wa chumba huonekana kwenye yote. Karani akifuta ankara Tunduma, na Saza imefutika. Pengine utaiokota kwenye pipa la taka, lakini pipa nalo humwagwa. Kwa hiyo nyaraka za forodha, za benki na za mikataba zitolewe nakala kwenye diski ya pembeni, au zichapwe na kuwekwa kwenye jalada.

Kabla hujamgombeza karani wako, muulize kwanza: barua inakaa wapi? Mpaka wiki ijayo, kwaheri.