Mto Tana na presha ya damu

Aliyevuka Mto Tana kwa mtumbwi huko Kinakomba, kaunti ya Tana River, ameshaona jinsi damu inavyopita mwilini. Mto ukiwa mpana, maji huenda polepole. Ukibanwa na kingo, maji yale yale hupita mbio. Huo mwendo ndio kasi. Wingi wa maji yanayopita kwa sekunde ni jambo jingine, nao huitwa mtiririko.

Maji ya mto huvutwa na mteremko. Damu husukumwa na moyo, na msukumo wake kwenye kuta za mishipa ndio presha (presha si hasira, kama wengi wanavyodhani). Kinachoipinga damu ni mnato, ile hali inayofanya uji mzito umiminike polepole kuliko maji, na zaidi sana wembamba wa mishipa. Hapo hesabu inatisha: mshipa mdogo ukipungua upana kwa nusu, na presha isibadilike, damu inayopita hubaki sehemu 1 kati ya 16. Mishipa mingi ikibana hivyo, presha hupanda na moyo huelemewa, huku mwenyewe hahisi lolote kwa miaka.

Damu inayopita kwa utulivu haina sauti. Ndiyo maana daktari hukubana mkono kwa mkanda: damu ikipenya kwa shida huvurugika na kugonga. Sauti hizo zilielezwa na Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905. Ya kwanza kusikika hutoa namba ya juu. Zinapozimika, ya chini. Ukipimwa mara kadhaa ukakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, hata kama kichwa hakikuumi.