Chembe za chuma zafichua kinga inayoshambulia moyo uliopandikizwa

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yamfaa mgonjwa aliyepandikizwa moyo wa mtu mwingine, kwani miongoni mwa hatari kubwa zinazomkabili ni kinga ya mwili wake mwenyewe.

Chembechembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupigana na maradhi, huutambua moyo huo kuwa mgeni na kuushambulia. Ndiyo maana mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kupunguza makali ya kinga. Dawa zikipungua, moyo hukataliwa. Zikizidi, maradhi mengine hupata mwanya. Louis Washkansky, mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu, jijini Cape Town mnamo Desemba 1967, aliishi siku 18 pekee kabla ya kuuawa na nimonia.

Daktari basi hana budi kujua mapema iwapo mashambulizi yameanza. Kwa miaka mingi, njia inayotegemewa ni kupenyeza mrija mwembamba, aghalabu kupitia mshipa wa shingo, hadi moyoni na kunyofoa vipande vidogo vya nyama ili vichunguzwe kwa darubini. Kasoro ni kwamba kinga haishambulii kila sehemu kwa pamoja. Kipande kikitolewa mahali pazima, mgonjwa aweza kuambiwa hali ni shwari ilhali kwingine moyo unaharibika.

Mnamo 2006, watafiti wakiongozwa na Chien Ho wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, walieleza mbinu tofauti: kuwafuatilia washambulizi wenyewe bila kupasua wala kunyofoa chochote.

Waliwadunga panya waliopandikizwa moyo chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, madini ya jamii ya kutu. Zikiwa katika damu, chembe hizo zilimezwa na makrofaji, seli za kinga ambazo hula vitu vigeni. Seli hizo zilipouvamia moyo mpya, ziliubeba mzigo wao wa chuma. Kwa kuwa chuma huvuruga nguvu za sumaku ndani ya mtambo wa MRI, kila zilipotua palitokea doa jeusi kwenye picha.

Madoa hayo yalifichua jambo muhimu. Uvamizi ulianzia tabaka la nje la moyo na kuelekea ndani. Mrija wa daktari, kwa upande wake, hunyofoa nyama kutoka ukuta wa ndani.

Hata hivyo, safari ya kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni ndefu. Damu iliyovuja pia huacha doa jeusi, na baadhi ya chembe zilizotumiwa zilikuwa na gamba la plastiki lisiloyeyuka mwilini. Kwa sababu hiyo, kunyofoa nyama kungali kunategemewa hospitalini, ingawa vipimo vya damu husaidia.

Mbinu hii ikikomaa, daktari ataweza kuutazama moyo wote kwa pamoja na kurekebisha dawa kabla ya mambo kuharibika.