Mzishi wa Alabama: Maisha ya Arthur Gaston

Ni nadra mwezi kupita bila daftari la mchango kuingia nyumbani mwetu. Mwenzetu amefariki, jamaa zake hawana akiba, na maiti yatakiwa kusafirishwa nyumbani au kuzikwa huku huku ugenini. Basi simu hupigwa, majina huandikwa, mmoja hutoa dola 20, mwingine 50, na mwingine huahidi kisha asionekane tena. Jambo hili ni la kheri, wala hatulilaumu. Lakini wapo waliolitazama jambo hilo hilo kabla yetu, katika nchi hii hii, wakalipatia utaratibu. Mmoja wao ni marehemu Arthur George Gaston wa Alabama.

Katika Kiswahili cha wazee wetu, mzishi si mchimba kaburi tu. Ni yule mtu wa karibu ambaye unamtumaini kwamba siku yako ikifika, yeye ndiye atakayekusitiri. Kwa watu weusi wa Fairfield, mji mdogo wa viwanda ulio ubavuni mwa Birmingham, Gaston alikuwa mzishi kwa maana zote mbili, ingawa huduma yake ilikuwa ya malipo.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1892 katika mji wa Demopolis. Babu na bibi yake waliwahi kuwa watumwa, na mama yake, Rosa, alikuwa mpishi katika nyumba za wazungu. Husimuliwa kwamba biashara yake ya kwanza ilikuwa bembea uani kwa bibi yake: watoto wa jirani walilipa vifungo vya nguo ili wabembee. Alisoma hadi darasa la 10, akaenda Ufaransa na jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, na baada ya kurudi alifanya kazi katika migodi ya kampuni ya chuma na makaa ya mawe, kwenye kambi ya wafanyakazi iitwayo Westfield.

Huko Westfield akili yake ya biashara ilijitokeza. Mama yake alipika, naye akawauzia wachimba migodi wenzake chakula cha mchana. Alipoona kwamba wengi humaliza mshahara kabla ya siku ya malipo, akaanza kuwakopesha, na kwa kila dola moja akatoza senti 25 za ziada kwa wiki mbili. Wasomaji wetu wengi watakunja uso hapa, na wana haki: hiyo ni riba tupu. Hatuandiki habari zake ili kumfanya walii.

Lakini palikuwa na jambo jingine aliloliona. Mchimba mgodi alipofariki, mjane au jamaa yake alikwenda mgodini au kanisani kuomba fedha za kumzika. Watu walitoa, kwa maana hakuna aliyetaka mwenziwe azikwe kama mzoga. Na kwa kuwa walitoa bila kuuliza, hawakukosekana walaghai, waliokusanya mchango wa maiti asiyekuwapo. Gaston aliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba maskini hao walikuwa na uwezo wa kugharimia mazishi yao, na kwamba fedha zao zilikuwa zikipita katika mikono isiyo na hesabu.

Mwaka 1923 akaanzisha chama cha kuzikana, akakipa jina la Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyemtukuza tangu utotoni. Kila jamaa ilitoa senti chache kwa wiki, ikaandikwa katika daftari, na mwanachama alipofariki chama kilimzika. Anayejua vyama vya namna hii anajua pia hatari yake: kifo hakisubiri mfuko ujae. Mtu akifa katika mwezi wa kwanza, mwanzilishi hana budi kutafuta fedha kwingine au chama kife pamoja na marehemu. Chama cha Gaston hakikufa. Mwaka 1932 kiliandikishwa kuwa kampuni kamili ya bima.

Tofauti kati yake na sisi si wingi wa fedha. Wachimba migodi wa Westfield walikuwa maskini kuliko wengi wetu. Tofauti ni kwamba wao walitoa kabla ya msiba, wakiwa na akili timamu na wakati wa kuuliza maswali, na sisi hutoa baada ya msiba, tukiwa na machozi, hali maiti iko katika chumba cha baridi na gharama zinaongezeka kila siku. Mara nyingi anayechangiwa haraka ni yule mwenye ukoo mkubwa. Mwenzetu aliyeishi kimya, asiyejulikana na watu, hungoja.

Gaston na baba mkwe wake walifungua nyumba ya mazishi iliyoitwa Smith & Gaston, kwanza Fairfield, na mwaka 1938 wakahamia katikati ya Birmingham, kando ya bustani ya Kelly Ingram. Kampuni ilidhamini vipindi vya nyimbo za dini katika redio na kuunda kundi lake la waimbaji. Katika siku hizo za ubaguzi, wazungu hawakutaka kuwazika weusi, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba ya mazishi wa Kiafrika hakushindana nao wala kutegemea mshahara wao. Mwalimu aliyejiandikisha kupiga kura aliweza kufukuzwa kazi. Mkulima aliweza kunyimwa mkopo wa mbegu. Mzishi alilipwa na watu wake mwenyewe. Aidha, katika miji mingi ya Kusini gari la maiti ndilo lililokuwa gari la wagonjwa pia, hata kwa aliye hai hapakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Kutokana na mazishi yakatoka mengine: chuo cha biashara mwaka 1939, hoteli ya Gaston mwaka 1954, kwa kuwa msafiri mweusi hakupata chumba mjini, na mwaka 1957 chama cha akiba na mikopo, kilichowapa watu weusi mikopo ya kujenga nyumba. Yasimuliwa pia kwamba aliiambia benki moja kubwa mjini iondoe vibao vya “wazungu peke yao” penye mabomba ya maji ya kunywa, la sivyo angetoa fedha zake. Vibao viliondolewa.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1963, Martin Luther King alipokwenda Birmingham kuongoza maandamano. King na wenzake walipanga katika hoteli ya Gaston, na chumba namba 30 kikawa ndiyo makao ya mashauri yao. Lakini mwenye hoteli hakuwa mtu wa maandamano. Meya mpya alikuwa amechaguliwa mwezi Aprili, na Gaston aliona afadhali apewe muda. Hasa hakutaka watoto wa shule waingizwe barabarani. Baadhi ya wanaharakati walimwita kibaraka, na Mchungaji Fred Shuttlesworth hakumficha maneno makali.

Tarehe 3 Mei alikuwa ofisini mwake, akizungumza kwa simu na wakili wa kizungu, David Vann, wakilalamika wote wawili kuhusu maandamano hayo. Alipotazama dirishani akaona mipira ya maji ya zimamoto ikielekezwa kwa watoto, na msichana mdogo akibingirishwa na maji barabarani. Akakata mazungumzo. Mtu aliyezika wengi aliona hapo kitu ambacho hoja za mezani hazikuweza kumwonyesha.

Siku chache baadaye, mapatano yalipokaribia, King na mwenzake Ralph Abernathy walirudishwa gerezani. Gaston akatoa fedha za dhamana ili watoke, mapatano yasivunjike. Yalitangazwa tarehe 10 Mei. Usiku uliofuata bomu lilipasuka katika hoteli yake. King alikuwa amekwisha ondoka mjini. Mwezi Septemba nyumba ya Gaston mwenyewe ikarushiwa mabomu ya moto. Hakuhama Birmingham.

Mwaka 1966 alianzisha klabu ya vijana mjini. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 95, aliuza kampuni ya bima, ile iliyoanza kwa senti za wachimba migodi. Hakumwuzia tajiri aliyeweza kutoa bei kubwa zaidi. Aliwauzia wafanyakazi wake kwa dola milioni 3.4, bei iliyo chini sana ya thamani yake. Alifariki tarehe 19 Januari 1996, akiwa na miaka 103. Hoteli yake ingali imesimama, na tangu Januari 2017 ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa ya haki za raia mjini Birmingham.