Msambamba, Upande na Kimo

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, istilahi za hisabati zimeenea hadi vijijini. Mraba na mstatili ni maneno yenye asili ya Kiarabu; msambamba limeundwa kutokana na neno sambamba, nalo ni jina la umbo la pande nne ambalo pande zake zinazokabiliana ni sambamba. Katika makala haya twataka kujibu swali moja: je, anayejua urefu wa pande za msambamba amejua pia eneo lake?

Tuchukue mfano wa shamba la mahindi au tumbaku huko Ushetu, wilayani Kahama. Wakulima wengi nchini huhesabu hatua 70 kwa hatua 70 kuwa ekari moja. Desturi hii ina msingi wake. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi, na mraba wenye eneo hilo una upande wa mita 63.6, yaani karibu hatua 70 za mtu mzima. Lakini wapimaji huchukulia, bila ya kusema, kwamba kila pembe ya shamba ni pembemraba.

Msomaji na achukue fito nne zilizo sawa, azifunge kwenye ncha ziwe mraba, kisha azisukume ubavuni polepole. Urefu wa pande haubadiliki, wala mzingo haubadiliki. Bali umbo linazidi kulala na eneo linazidi kupungua, hata fito zikalaliana na eneo likatoweka. Ndivyo lilivyo shamba letu:

(a) pembe ikiwa nyuzi 90, eneo ni hatua za mraba 4,900;
(b) ikiwa nyuzi 60, eneo ni 4,240 hivi;
(c) ikiwa nyuzi 30, kimo ni hatua 35 tu, na eneo ni 2,450, yaani nusu ya lile la kwanza.

Basi aliyekodi shamba la namna ya tatu kwa bei ya ekari amelipa maradufu, ingawa hatua zilihesabiwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo zao la pande mbili si eneo la msambamba, bali ni kikomo ambacho eneo haliwezi kukipita. Pande zikiwa mita 6 na mita 10, eneo laweza kuwa mita za mraba 60, au 59, au hata 1. Haliwezi kuwa 61.

Hapa ndipo istilahi zinapohitaji uangalifu. Kanuni ya «urefu mara upana» yafaa kwa mstatili. Ikitumiwa kwa msambamba inapotosha, kwa kuwa neno upana halionyeshi kama ni upande wenyewe au ni umbali kati ya pande mbili. Hatuna budi kusema kitako mara kimo, na kimo kieleweke kuwa ni umbali unaopimwa kwa pembemraba kutoka kwenye kitako hadi upande wa pili.

Mpimaji asiye na chombo avute kamba kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, mara mbili. Katika msambamba, kamba hizo zikilingana, shamba ni mstatili au mraba. Zisipolingana, apime kimo kabla ya kutaja ekari.