Sura ya Tano: Kishikwambi Kitalala Wapi?

Mazinde ni mahali pazuri pa kujifunzia kununua kishikwambi, kwa sababu hapasamehi kosa. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Arusha, ukaipita Korogwe na Mombo, Milima ya Usambara inakuwa ukuta mkono wako wa kulia, nawe unabaki bondeni kwenye joto, vumbi na mkonge. Lushoto juu kule watu wamevaa masweta. Hapa chini, saa saba mchana, bati la nyumba huligusi. Njia hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 Semboja, mtoto wa Kimweri aliyekuwa mtawala wa Wasambaa, aliacha milima yao akaweka makao yake Mazinde ili awe karibu na misafara iliyopita bonde la Pangani. Bidhaa za mbali zimezoea kufika hapa. Kazi ni kujua ipi itakaa.

Wanunuzi wengi huniuliza swali la kwanza: "Kipi kizuri?" Mimi huwarudishia swali: kitalala wapi? Maana yangu ni nyumba ipi, yenye umeme wa namna gani, mtandao unashika vipi, nani atakishika mchana na nani usiku, na kikivunjika kioo kitapelekwa kwa fundi gani. Mtu akishajibu hayo, nusu ya vishikwambi vilivyopangwa dukani vimeshajiondoa vyenyewe, na bei inakuwa swali jepesi.

Mkoa wa Tanga una ushahidi wa jambo hili ambao dunia nzima iliutazama. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, fedha zilizotolewa na Elon Musk. Washindani walitakiwa watengeneze programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto asiyekwenda shule kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu pembeni. Programu tano zilizofika fainali zililetwa Tanga, zikiwa kwa Kiswahili. Kuanzia Desemba 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 walikabidhiwa vishikwambi. Handeni na Korogwe zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizohusika. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania ndio waliosimamia kazi vijijini.

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Asilimia 74 walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye, idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kwa washindi wawili: onebillion ya London na Kitkit School, yenye watu wake Berkeley na Seoul. Programu zote tano ziliachwa wazi, mtu yeyote azichukue bure na kuziendeleza.

Ukisikia habari hiyo unaweza kudhani siri ilikuwa kishikwambi chenyewe, na kweli kilikuwa cha hali ya juu. Google ilitoa Pixel C, chombo cha inchi 10.2 kilichoingia sokoni mwaka 2015 kwa dola 499. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya milioni moja. Lakini tazama kilichokizunguka. Kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Programu ilikuwa ndani tayari, ikafanya kazi bila intaneti. Lugha ilikuwa ya mtoto. Mpe mtoto huyo Pixel C ileile, tupu, isiyo na sola wala programu ya Kiswahili: kwa wiki moja tu ingekuwa kioo cheusi. Ndiyo maana nasema bei ya kishikwambi ni sehemu tu ya gharama, na mwenye laki tatu asizitumie zote kwenye chombo. Atenge fedha ya kava gumu, kinga ya kioo, memori kadi na chaji ya kuaminika. Mimi hupenda robo ya bajeti ibaki kwa hayo.

Sasa umeme, ambao nitakaa nao kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Tuseme umechagua kishikwambi cha inchi 8 chenye betri ya mAh 5,000. Namba hiyo peke yake haikuambii kinakula umeme kiasi gani. Izidishe kwa volti za betri, kama 3.8, kisha gawa kwa 1,000: unapata wati-saa 19. Umeme mwingine hupotea kwenye waya, kwenye chaja na kwa joto, kwa hiyo weka 25 hadi 30 kwa kukijaza mara moja. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri kwa saa tano, kwenye karatasi inatoa 50. Juu ya bati la Mazinde, ikiwa imepata moto na kushika vumbi, usitarajie zaidi ya 35. Yaani siku nzima ya jua imejaza kishikwambi kimoja, na simu ya baba haijaguswa. Paneli ya wati 20 ndiyo inayoanza kukupa nafasi ya simu na taa ya watoto kusomea. Na usichomeke kishikwambi moja kwa moja kwenye paneli kama una njia nyingine, kwa sababu kila wingu likipita chaji inakatika na kurudi. Jaza betri ya sola au pawabenki mchana, kishikwambi kichaji usiku.

Usiku una faida nyingine pia. Betri za lithiamu huchukia joto, hasa zikiwa zinachajiwa. Zikipita nyuzi 45 zinazeeka haraka, na nyingine huvimba hadi kioo kinainuka. Apple wenyewe husema iPad itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Februari bondeni, chini ya bati, nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo paneli ikae juani, waya urefushwe, kishikwambi kikae kivulini. Usikifungie kwenye kava la mpira mnene wakati kinachaji, wala kwenye gari lililofungwa vioo.

Jua linagusa kioo pia. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti. Vishikwambi vya bei ya chini huwa na niti 250 hadi 350, vinavyotosha ndani ya nyumba. Ukitoka nje utaona uso wako mwenyewe. Afisa ugani anayesimama shambani, au karani wa kupima mkonge, atafute niti 500 au zaidi hata kama itabidi apunguze mengine. Mama anayetaka watoto wafanye mazoezi sebuleni jioni hana sababu ya kulipia mwangaza huo.

Kwenye nafasi ya kuhifadhi, usidanganywe na namba ya juu ya boksi. GB 32 ikitoka dukani imeshaliwa sehemu nzuri na mfumo wenyewe. Video chache za masomo na picha za harusi, imejaa. Chukua 64, au hakikisha kuna tundu la memori kadi. RAM ya GB 2 inafungua programu, lakini ukitoka kwenye somo kwenda kwenye WhatsApp na kurudi, somo linaanza upya. Kwa chombo kipya ningeanzia GB 4. Kamera usiihangaikie. Simu yako ina kamera nzuri zaidi.

Laini ndiyo inayogawa vishikwambi makundi mawili. Kuna vyenye tundu la laini, na vya Wi-Fi pekee ambavyo ni nafuu zaidi. Wauzaji wengi watakusukuma kwenye chenye laini. Mimi naona kwa familia yenye simu janja moja nyumbani, cha Wi-Fi kinatosha kabisa: baba akirudi jioni anawasha hotspoti, watoto wanapakua masomo, bando linazimwa, na kesho yake wanajifunza bila mtandao kama wale watoto wa 2017. Chenye laini anunue anayefanya kazi akiwa njiani. Huyo aende na laini yake dukani na kuuliza majirani zake mtandao upi unashika pale anapolala, kwa sababu mtandao wenye nguvu mjini Korogwe unaweza kuwa na alama moja tu kwake.

Wapo wasiohitaji kununua kabisa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu nchi nzima kwa vishikwambi, na nadhani ndiyo iliyolitia neno hili vinywani mwa wengi. Baada ya sensa vyombo vile viligawiwa walimu. Mwalimu mwenye kishikwambi cha kazi anayetaka kuongeza cha pili kwa ajili ya kuandika mitihani atafanya vizuri zaidi kununua kibodi ya Bluetooth kwa gharama ndogo. Na mfanyabiashara wa vitunguu pale Mombo anayetaka kupokea malipo na kupiga hesabu, simu yenye kioo kikubwa inamtosha na inaingia mfukoni.

Vilivyotumika vina mahali pake. Chombo cha kampuni inayojulikana, chenye miaka mitatu, mara nyingi kina kioo na mwili bora kuliko kipya kisicho na jina kwa bei ileile. Lakini uliza umri wake kabla ya usafi wake. Pixel C ile iliyosifiwa, Google iliacha kuiuza Desemba 2017, mwezi uleule majaribio yalipoanza Tanga, na toleo lake la mwisho la Android lilikuwa la 8. Leo programu nyingi, za benki hasa, hazikubali mfumo wa zamani. Kishikwambi kilichoachwa na mtengenezaji wake hakirudishwi na bei nzuri. Hakikisha pia akaunti ya mwenye chombo wa zamani imetolewa, aitoe mbele yako kwa mkono wake, vinginevyo siku utakapokisafisha kitadai nywila usiyoijua.

Fikiria na fundi. Ukinunua Kariakoo, dhamana iko Kariakoo, na kutoka Mazinde hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku ya kazi iliyopotea. Kabla ya kulipia kishikwambi cha jina geni, piga simu kwa fundi wako wa Mombo au Korogwe, mtajie jina na namba ya modeli, umuulize kama kioo chake kinapatikana. Akinyamaza, hilo ni jibu.

Ukiwa dukani, usikubali kuoneshwa boksi tu. Kiwashwe. Fungua sehemu ya mipangilio usome mwenyewe RAM, nafasi na toleo la Android. Kibandiko kinachoahidi GB 512 kwa bei ya laki moja ni uongo. Chomeka chaja uone inaingiza, chezea kona zote nne za kioo kwa kidole, piga spika hadi mwisho. Kama kina laini, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ilingane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 usubiri jibu likutajie kampuni na modeli. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamelipa fedha zao halali walibaki na vyombo visivyopiga. Fanya yote haya fedha ikiwa bado mfukoni mwako. Muuzaji akikukataza hata moja, mshukuru, utoke, uingie duka la pili.